Kiti cha Kushoto

Asubuhi hiyo niliondoka nyumbani kwa Baba, Kicukiro, Kigali, nikiwa na begi moja mgongoni na sina pa kwenda. Kwangu hilo si jambo geni. Shule niliiacha mapema, kazi nimezishika nyingi na kuziachia nyingi, na kila baada ya miezi michache huamka na muwasho wa nyayo ambao dawa yake ni njia tu. Nimeuza vifuniko vya simu Kampala, nimepikia mafundi ujenzi Bujumbura, nimekaa Goma mwaka mzima kwa sababu nilitaka kujua watu wanajengaje nyumba juu ya mawe yaliyotoka motoni. Baba alikuwa barazani na kikombe chake cha chai ya maziwa. Hakuniuliza ninakwenda wapi. Aliuliza kama nimebeba sweta.

Nilishuka hadi njia panda ya Sonatubes, nikawakatalia kwa mkono madereva wa pikipiki waliokuwa wakiniita, nikasimama kwenye barabara ya mashariki kwa sababu jua lilikuwa linatokea huko na lilinipendeza. Gari lililosimama lilikuwa la zamani, la juu, la kijani kilichopauka, lenye namba za Tanzania na usukani upande wa kulia. Ndani alikuwa kijana mnene mwenye kofia ya sufu.

"Dada, unaelekea wapi?"

"Huko huko unakoelekea wewe."

Alicheka. "Mimi navuka mpaka. Nalala Benako."

"Basi na mimi nalala Benako."

"Haya, panda. Ila kiti hicho si cha kusinzia. Huku kwenu kiti hicho kina kazi."

Nikafungua mlango wa kushoto, na kabla sijakaa nikaisikia ile harufu: dizeli, na maziwa yaliyomwagika zamani yakachachia ndani ya zulia, yakakauka, yakaamka tena kwa joto la injini. Nyuma kulikuwa na madumu matupu ya maziwa yakigongana. Nilisimama pale mguu mmoja ndani, mmoja nje, mpaka kijana akaniuliza kama nimesahau kitu.

Nilipokuwa na miaka tisa au kumi hivi, nyumbani tulikuwa na gari kama hilo. Tuliliita jipe, kama Kigali inavyoita gari lolote la juu linalovutwa na magurudumu yote manne. Baba na Mama walirudi nalo kutoka Karagwe, Tanzania, walikozaliwa na kukulia wakiwa watoto wa wakimbizi, likiwa limebeba magodoro, vyungu na baiskeli moja, na mimi nikiwa bado tumboni. Huko lilikuwa gari kama magari mengine. Huku lilikuwa na kilema. Rwanda tunapita upande wa kulia wa barabara, na usukani wa jipe letu ulikuwa kulia pia, kwa hiyo Baba alikuwa anakaa pembeni kabisa, karibu na mtaro na watembea kwa miguu. Akitaka kulipita lori, alichokiona mbele yake ni mgongo wa lori tu. Aliyeweza kuona kinachokuja ni yule aliyekaa kushoto.

Aliyekaa kushoto nilikuwa mimi.

Mama alikuwa na duka la maziwa Muhima, chumba kimoja chenye mabenchi mawili na vikombe vya plastiki, ambako wachuuzi walikunywa maziwa mgando na chapati kabla ya kuanza kazi. Maziwa yenyewe yalitoka Umutara, mashariki mwa nchi, kwa ng'ombe wa binamu yake Baba, mahali ambapo kipande cha mwisho cha barabara hakikuwa barabara bali wazo la barabara. Gari la chini lingebaki kwenye tope. Kwa hiyo kila Jumamosi tulikwenda Baba na mimi, na kila Jumamosi kazi yetu ilikuwa na maneno yale yale.

"Niende?" anauliza Baba, miguu tayari, macho kwenye mgongo wa lori.

"Bado."

"Niende?"

"Bado. Basi linakuja."

"Niende?"

"Nenda!"

Na jipe linanguruma, linatema moshi, linapita. Baba alinifundisha kuangalia kwa utaratibu: kwanza mbali kabisa, halafu karibu, halafu kwenye kona, halafu mbali tena. "Mtu anayeangalia mara moja haoni kitu," alisema. "Anakisia." Darasani nilikuwa mtoto wa mstari wa mwisho, yule ambaye mwalimu humruka kwa sababu anajua jibu halipo. Lakini Jumamosi mtu mzima mwenye ndevu alikuwa haendi popote mpaka mimi niseme neno. Sijawahi kupata kazi nyingine yenye heshima kama hiyo, na nimefanya kazi nyingi.

Sasa, kuna jambo ambalo nililijua na ambalo sikumwambia mtu yeyote. Baba alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, alipopigwa na pembe la ng'ombe akiwa kijana. Nikaunganisha mambo mwenyewe, kama watoto wanavyofanya: kovu liko kushoto, Baba anauliza kuhusu kushoto, kwa hiyo jicho lake la kushoto limekufa. Niliona ni siri yake kubwa na ya aibu, na kwamba amenichagua mimi niifunike. Tukitembea kwa miguu nilikuwa nakaa kushoto kwake siku zote. Kanisani nilikaa kushoto. Mdogo wangu akitaka kushika mkono huo nilimsukuma. Mama akaniita mchoyo, nami nikakubali kuitwa mchoyo kuliko kumwaibisha Baba.

Jipe lilizeeka polepole, halafu likazeeka kwa siku moja. Mlango wa nyuma tulikuwa tunaufunga kwa waya. Kila tukilipeleka kwenye ukaguzi wa magari, karatasi ya makosa ilirudi ndefu kuliko ya mwaka uliotangulia, na vipuri vyake fundi alivitafuta kama mtu anayetafuta ndugu waliopotea. Kisha Jumamosi moja likagoma kwenye mlima, tukiwa na madumu saba, kwenye jua. Tulipofika Muhima jioni maziwa yote yalikuwa yameharibika. Sio mgando, yameharibika. Mama aliyamwaga kwenye mtaro dumu moja baada ya jingine, mbele ya wateja. Alipomaliza akajifuta mikono.

"Baba Teta," alisema, "hili gari linakunywa kuliko ng'ombe wanavyotoa. Litafutie mtu."

"Limetuleta nyumbani, Mama Teta."

"Limetuleta. Asante yake tumeshaisema. Sasa liondoke kabla halijatufungia duka."

Nilidhani Baba atabisha. Alilitazama jipe, akapiga bodi lake mara mbili kwa kiganja, kama mtu anavyompiga ng'ombe ubavuni, akasema, "Sawa." Usiku huo sikula.

Wiki iliyofuata tulikwenda kutafuta jingine. Aliyetupokea ni Saidi, dalali wa magari kutoka Biryogo. Kigali mtu wa kazi hiyo huitwa komisiyoneri. Alikuwa mwembamba, mwenye viatu vilivyochongoka na simu mbili, na hakuna sentensi yake iliyokwisha bila kucheka.

"Muzehe, karibu! Ee, na umekuja na inspekta?" Akaniinamia. "Madamu inspekta, leo utanihurumia?"

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea! Umesikia? Huyu atakuwa hakimu." Akatupeleka kati ya magari yaliyopangwa kwenye kiwanja cha changarawe. "Nina moja, muzehe. Moja tu, nyingine ni makopo. Hii ilikuwa ya mradi fulani, dereva wao alikuwa mzee wa kanisa, iko inaoshwa kila siku. Injini iko inaimba. Usukani iko kushoto, hakuna mtu atakusumbua na makaratasi."

Lilikuwa jipe jeupe. Mlangoni ulionekana mviringo wa nembo iliyobanduliwa, rangi yake safi kuliko pembeni, kama mahali palipokuwa na saa ukutani. Ndani lilinuka stroberi ya kutundika kwenye kioo. Halikuwa jipya, viti vyake vilikuwa na alama za makalio ya watu wengine, lakini milango yote ilifungwa bila waya.

"Ingia, muzehe, lizungushe!" Saidi akatupa funguo.

Baba akazidaka, akazunguka upande wake, mimi nikazunguka upande wangu. Tukafungua milango kwa pamoja, tukapanda kwa pamoja, tukafunga kwa pamoja. Baba akanyoosha mikono mbele, na mikono ikakutana na kisanduku cha makaratasi. Mimi nikainua macho na kukuta usukani kifuani.

Ndani hakuna aliyecheka. Baba aliangalia mahali ambapo usukani wake ulipaswa kuwa, halafu akaniangalia mimi nyuma ya usukani, miguu yangu ikining'inia mbali na sakafu, na uso wake ukawa na kitu ambacho sikukielewa. Nje Saidi alikuwa amejikunja kwa kicheko, ameshika boneti asianguke.

"Nyie watu wa Tanzania! Kila mara! Kila mara, wallahi! Jana mwingine alikaa hapo dakika tano anatafuta kilachi!"

Ndipo Baba naye akacheka, tukabadilishana. Nilipokaa kwenye kiti cha kulia na kuona mtaro, na miguu ya watu, na hakuna chochote kinachokuja, nikaelewa mambo yalivyo. Baba atakaa kushoto, na kushoto kwake hakutakuwa na mtu. Kutakuwa na kioo, na barabara nzima ya malori, na jicho lililokufa. Tulizunguka mtaa, na njia nzima nilishika kiti kwa mikono miwili nikisubiri kishindo. Hakikuja. Nikasema moyoni ni bahati, na bahati haiji kila Jumamosi.

Bei wakaelewana, kwa sharti moja: jipe la zamani liuzwe kwanza. Hilo ndilo neno nililolibeba kurudi nalo nyumbani. Likikosa mnunuzi, jeupe litabaki kwa Saidi na Baba atabaki na mimi.

Wanunuzi wawili wa kwanza waliona moshi wakaaga. Wa tatu alikuwa Mama Neema, mfanyabiashara wa maharage kutoka ng'ambo ya mpaka wa Tanzania, mwanamke mkubwa mwenye khanga mbili na sauti ya kusimamisha soko. Hakutazama rangi. Alilala chini kabisa, khanga juu ya changarawe, akaangalia tumbo la gari kwa tochi.

"Baba, mimi usukani wa kulia ndio ninaoutaka," alisema akijipangusa. "Kwetu ndio wa kawaida. Moshi nina fundi. Ninachotaka kujua ni nguvu. Twende mlimani, nikae nyuma, wewe endesha kama siku zote."

"Kama siku zote," alisema Baba, akanifungulia mlango wa kushoto.

Tukatoka mjini, tukapita Kabuga, tukashuka bondeni, tukaanza kupanda. Mbele yetu kulikuwa na lori la ndizi, polepole kama maandamano ya harusi.

"Niende?" akauliza Baba.

Niliangalia mbali, karibu, kwenye kona, mbali tena. Barabara ilikuwa tupu. Ilikuwa tupu mpaka juu, imelala pale kwenye jua kama mkeka.

"Bado," nikasema.

Tukaendelea kutambaa. Majani ya ndizi yalikuwa yanatupungia.

"Niende?"

"Bado."

Mama Neema akasogea mbele. "Gari haina nguvu nini?"

"Nguvu inazo," alisema Baba. "Njia haijafunguka."

Wakati huo huo teksi ndogo ikatupita, ikalipita na lori, ikapotea juu. Halafu pikipiki yenye abiria na mbuzi. Halafu pikapu. Kila lililopita nilihisi linanipita kifuani.

"Mbona wenzetu wanapita?" Mama Neema akauliza. "Baba, hebu tusidanganyane. Hii gari imechoka. Sema tu, turudi, kila mtu akanywe chai yake."

Nilimtazama Baba. Ilikuwa rahisi sana kwake kuchungulia. Angeweza kuvuta gari kidogo kushoto, akajionea mwenyewe, kama madereva wengine wanavyofanya. Hakufanya hivyo. Jasho lilikuwa linamtoka chini ya kovu. Gari ambalo lingetununulia jingine lilikuwa linakataliwa nyuma ya mgongo wake, duka la Mama lilikuwa linakataliwa pamoja nalo, na yeye alikuwa ameshika usukani katikati ya njia yake, anasubiri.

"Mama," alimwambia taratibu, "mtoto akisema bado, ni bado. Mimi huyu hajawahi kunikosesha."

Nimedanganya watu wengi baada ya siku ile, wengine kwa njaa na wengine kwa mazoea. Lakini sijawahi tena kusikia uongo wangu ukitetewa kwa sauti ya namna ile. Nikaangalia mbali. Nikaangalia karibu. Kwenye kona. Mbali tena, na macho yakaanza kuona maji.

"Nenda, Baba," nikasema. "Nenda sasa."

Hakuuliza mara ya pili. Jipe likanguruma kama zamani, likatema wingu jeusi, likalipita lori la ndizi na pikapu iliyotutangulia, likafika juu likitetemeka. Mama Neema akapiga kiti kwa kiganja. "Ahaa! Kumbe punda ana miguu!" Alilipia siku hiyo hiyo.

Tulirudi nyumbani kwa miguu kutoka Sonatubes, mimi kushoto kwake. Nililia njia nzima. Baba aliniacha nilie mpaka tulipofika penye duka la vinyozi, akasimama.

"Njia ilikuwa wazi tangu mwanzo, siyo?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Kwa nini?"

"Jicho lako," nikasema.

"Jicho gani?"

Nikamwonyesha. Akaligusa kovu, akanitazama kana kwamba nimezungumza Kichina, kisha akaanza kuelewa, na kadiri alivyoelewa ndivyo mdomo wake ulivyozidi kukataa kutulia. Akafunika jicho la kulia kwa kiganja. Akasoma kwa la kushoto bango la kinyozi, bei zote, mitindo yote, halafu namba ya gari lililosimama mbali ng'ambo ya barabara, herufi kwa herufi. Watu wakageuka kututazama.

"Kumbe unaona," nikasema. Nilikasirika, mnaamini? Nilikasirika kama mtu aliyeibiwa. "Sasa kwa nini ulikuwa unaniuliza?"

"Nilikuwa nakuuliza kwa sababu wewe ndiye uliyekuwa unaona," alisema Baba. "Kilema kilikuwa cha gari, mama. Siyo changu." Akanishika mkono, tukaendelea. Baada ya hatua chache akaongeza, kama anayejisemea: "Juzi pale kwa Saidi, nilipokuona nyuma ya usukani. Miaka yote hii tangu turudi, katika nchi hii, wewe ndiye uliyekuwa umekaa mahali pa dereva."

Jumamosi iliyofuata tulikwenda Umutara na jipe jeupe. Nilipanda upande wa kulia, nikanuna. Baba alilipita lori la kwanza bila kuniuliza, akalipita la pili, na mdomo wake ulikuwa unacheza kidogo. Alikuwa anayameza yale maneno yasimtoke. Karibu na Kabuga akasema, "Teta, leo huna kazi. Angalia unachotaka."

Sikuwahi kufikiria kwamba inawezekana. Miaka miwili nilikuwa nimeangalia katikati ya barabara tu. Sasa pembeni ikaanza kupita mbele yangu, na nikaona barabara ile ilikuwa na ukuta mmoja mzima ambao sikuwahi kuufungua. Tanuri la matofali linalotoa moshi kwenye mashimo. Mwanamke anayebeba cherehani kichwani. Watoto wanaosukuma gurudumu kuelekea njia nyembamba iliyoingia katikati ya migomba na kupinda.

"Ile njia inakwenda wapi?" nikauliza.

"Sijui."

"Na ile?"

"Sijui nayo. Siku moja utakwenda uniambie."

Nadhani muwasho wa nyayo ulianzia hapo. Mama hulaumu shule, walimu hunilaumu mimi. Nami husema ni kile kiti cha kulia. Jipe jeupe lilibeba maziwa miaka mingi, duka likaongezwa chumba cha pili, na stroberi ikashindwa na harufu ya maziwa mapema sana. Lile la zamani hatukulisikia tena. Baba alisema tu kwamba kule lilikokwenda halitahitaji mtu wa kuliangalizia njia. Labda ndiyo sababu nimezurura nchi zote za jirani isipokuwa upande ule. Nilikuwa sitaki kuhakikisha.

"Dada," alisema kijana mwenye kofia ya sufu, tulipokuwa nyuma ya lori la saruji baada ya Kayonza, "vipi huko mbele?"

"Bado," nikajibu kabla sijafikiri. Halafu: "Nenda." Akanitazama kwa jicho la pembeni, akasema hajawahi kupata abiria wa kushoto aliyeiva hivyo.

Mpakani Rusumo tulishuka, tukagonga pasipoti, tukavuka daraja. Mto ulikuwa unanguruma chini. Upande wa pili, Tanzania, kijana akahamia kushoto mwa barabara, taratibu, kama mtu anayegeuka kitandani, na mara moja kilema cha gari kikapona. Yeye akawa katikati anaona kila kitu. Mimi nikawa pembeni na majani. Nilicheka peke yangu, naye akafikiri nacheka mahindi ya watu.

Benako ni njia panda yenye malori mengi na vumbi la kutosha. Nilikuwa sijawahi kukanyaga pale. Niliuliza gesti, nikaonyeshwa nyumba ya bluu yenye ua uliofagiliwa vizuri. Mwenye nyumba, mama wa makamo aliyekuwa anachambua mchele, hakuinuka.

"Chumba kipo, mwanangu. Maji ya moto unaagiza mapema, choo ni cha nje lakini kisafi, na wageni wa wageni sitaki. Unatoka wapi?"

"Kigali."

"Unakwenda wapi?"

"Sijui bado."

Akainua macho mara ya kwanza. "Basi lipa siku moja moja."

Dirisha la chumba lilitazama njia panda. Niliweka begi, nikafungua pazia, nikampigia Baba. Saa kumi jioni huwa amerudi barazani. Siku hizi haendeshi. Jipe jeupe nalo liliondoka, na miwani yake ni mizito.

"Umefika wapi?"

"Benako."

Nilisikia kijiko kikizunguka ndani ya kikombe. Bibi, mama yake, amezikwa Karagwe. Baba hajawahi kurudi kuliona kaburi tangu walipoondoka na jipe na baiskeli. Kila mwaka alisema mwaka huu, na kila mwaka ukawa na ng'ombe mgonjwa, au duka, au goti.

"Unaona nini?" akauliza.

Nikamwambia. Malori, wanawake na karanga kwenye sahani, fundi baiskeli chini ya mwavuli wa kampuni ya simu, mbwa mwenye sikio moja. "Na kuna barabara inayokata kwenda kaskazini."

"Hiyo ndiyo ya kwetu."

"Najua. Nimesoma kibao."

"Zamani ilikuwa mashimo matupu. Tulilala njiani mara mbili." Kijiko kikasimama. "Miguu yangu, Teta. Na mimi ni mzee wa kusumbua watu." Halafu akakohoa kidogo, na kwa sauti ile ile ya Jumamosi, ya mtu aliyeweka mguu tayari, akauliza: "Niende?"

Sikumjibu kutoka kitandani. Nilitoka nje hadi ukingo wa barabara na simu sikioni. Niliangalia mbali, ilipopanda kilima. Nikaangalia karibu, nikamuuliza kondakta aliyekuwa anafunga turubai, akasema gari la Karagwe huondoka kila siku saa moja asubuhi na wazee hukaa mbele. Nikaangalia kona. Nikaangalia mbali tena.

"Nenda, Baba," nikasema. "Njoo Jumamosi. Mimi nakusubiri hapa."

Nilirudi uani. Mwenye nyumba alikuwa bado na ungo wake.

"Mama, chumba changu sasa nakilipia mpaka Jumamosi," nikamwambia. "Na cha pembeni yake, cha kushoto, uniwekee kwa siku hiyo. Kuna mgeni anakuja."